Piga Mara Mbili, Nitaachia

— Umejiangusha.

— Shuka kwanza kifuani, watu wanaangalia.

— Nimesema umejiangusha, Kocha.

Ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi. Fundi alikuwa amemkalia mchumba wake kifuani, magoti mkekani, jasho linamdondoka kidevuni, na katika watu wote waliokuwemo mle ni yeye peke yake ambaye hakuwa na furaha. Aliyeangalia kwa mbali angesema huyu dada ana bahati yake: kampindua mwalimu wa jujitsu mbele ya wanafunzi, kapata mkanda wa bluu, na mwalimu mwenyewe ndiye mume mtarajiwa. Bahati gani hiyo.

Ngoja nikueleze, maana usipouelewa ule mpinduo hutaelewa uchumba ulivunjika vipi. Unalala chali. Aliye juu yako unamfunga kiunoni kwa miguu, visigino vinapishana mgongoni kwake. Pale ukumbini wanaita kufuli. Njia ya kwanza anayofundishwa mgeni ya kumtoa mtu juu akiwa ndani ya kufuli wanaiita mkasi. Unafungua miguu, ugoko mmoja unaulaza tumboni kwake, mguu wa pili unauteremsha kando ya goti lake, unamvuta kola aje mbele, halafu miguu inakata: mmoja unasukuma, mwingine unafagia. Anaanguka ubavu, wewe unakuja juu. Ila kazi yote iko kwenye mkono. Upande unaomwangushia, lazima uwe umekamata mkono wa koti lake. Ukikuponyoka tu, anaweka kiganja chini, anajizuia, na wewe unabaki chali miguu hewani.

Mkono wa koti ulimponyoka Fundi. Aliusikia kabisa ukiteleza vidoleni. Mkono wa kulia wa Kocha ukawa huru, mwanaume aliyekulia mkekani, ana muda wa kuweka kiganja chini na kukohoa juu yake. Hakuweka. Alianguka kama gunia.

Na pale ukumbini mtihani ni Kocha mwenyewe. Huo ndio utaratibu wake na ndio sifa yake: hampi mtu ushindi wa bure. Dereva wa lori, pande la mtu, alirudishwa mpaka akaapa kuacha mazoezi. Kocha hakumhurumia. Ukifeli anakuambia umefeli, unakunywa maji, unarudi kujifunza.

Kocha aliinuka taratibu. Mkanda wa bluu ulikuwa umekunjwa juu ya kiti. Siku zote ni yeye anayemfunga mwanafunzi kiunoni kwa mikono yake, na watu husubiri hapo wapige picha. Safari hii hata hakuushika.

— Dereva, mfunge mwenzako mkanda.

— Mimi, Kocha?

— Wewe. Mfunge.

Dereva akamfunga. Nyuma, mtu mmoja akamnong'oneza mwenzake, tena si kwa kujificha sana:

— Mkanda wa uchumba huo.

Wakacheka. Fundi alisikia kila neno.

Walipobaki wawili kwenye korido, kando ya ndoo za kupigia deki, Fundi aliufungua ule mkanda akamnyooshea.

— Chukua kitu chako.

— Ni chako.

— Kocha, nitazame usoni. Mkono uliniponyoka. Ungeweza kujizuia.

Kocha akatazama ndoo.

— Niliwahi kukuomba kitu gani? Siku ile uliponichumbia, nilikuomba nini?

— Nisikudanganye.

— Malizia.

— Nisikudanganye hata kwa kukufurahisha.

Na alikuwa na sababu ya kuomba hivyo. Mchumba wake wa kwanza alikuwa na mke. Mtaa mzima unajua, ndugu wanajua, mpaka muuza vitambaa anajua, Fundi peke yake anapimwa gauni la harusi huku watu wakimwambia hongera. Alipokuja kujua, kilichomuuma zaidi ya yule mwanaume ni zile hongera. Tangu siku hiyo akisifiwa hujikagua kwanza. Ndiyo maana alipoletewa makoti ya mazoezi ya kushona, akamsikia mwenye makoti akimwambia mwanafunzi wake usoni "bado hujui, rudia," moyo wake ulitulia. Alimpenda kwa neno hilo. Wengine hupendea macho.

— Basi nijibu. Ulijiangusha au hukujiangusha?

Kulikuwa na jibu lililofika hadi mdomoni mwa Kocha, Fundi aliliona likifika na kurudi.

— Nenda nyumbani ukapumzike.

— Umenivika kilemba cha ukoka mbele ya watu, halafu nikapumzike?

Fundi aliuacha mkanda juu ya ndoo akaondoka.

Jioni ile simu ikalia, meseji ya Kocha.

"Nilijiangusha. Leo na siku nyingine nyingi. Hukuwahi kunipindua hata mara moja."

Fundi aliisoma amesimama jikoni, kijiko mkononi. Kabla hajajibu ikaingia ya pili.

"Nilikuonea huruma. Nadhani hata uchumba nao ulikuwa huruma. Tusiendelee na harusi. Nisamehe."

Akapiga simu. Ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa. Akaandika:

"Pokea uyaseme hayo kwa mdomo wako."

Alama zikaonyesha imesomwa. Basi.

Sasa msomaji, mwanaume akitaka kukuacha atakutafutia sababu yoyote. Huyu hakutafuta. Alichukua ile moja tu anayojua itamuua Fundi, akaitumia. Mtu wa namna hiyo ama ni mkatili kupindukia, ama ana haraka ya kuachwa. Lakini Fundi wakati huo hakuwa na akili ya kutofautisha. Alilia mpaka chakula kikaungua.

Mama yake alipopigiwa, alisikiliza yote mpaka mwisho, kisha akasema:

— Ngoja nielewe. Mwanaume kaanguka.

— Ndiyo, mama.

— Kakuangukia wewe.

— Kwa makusudi, mama.

— Na wewe ndiye unayelia. Mwanangu, sisi wenzako tulikuwa tunalia kwa kuangushwa.

— Mama, sicheki.

— Najua hucheki. Hata mimi sicheki, natafuta pa kuanzia. Kadi zimeshatoka. Baba yako kashawaambia nduguze wote. Huyo kijana amelewa?

— Halewi.

— Basi kuna kitu. Asiyelewa haandiki upuuzi kama huo bure.

— Ana mwanamke mwingine, mama. Kuna nini tena zaidi ya hicho.

Mama akasema atapiga tena kesho, akakata simu. Kwa mwanamke yule, kukatisha mazungumzo ni jambo la kutisha.

Siku zilizofuata Fundi alishona kwa hasira, na nguo ikishonwa kwa hasira inaonekana: alifumua kola moja mpaka kitambaa kikachakaa. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana, vyerehani viwili, na kamba ya nguo za watu zinazosubiri wenyewe. Mwisho wa kamba kulikuwa na mashati ya Kocha. Akaona heri ayakunje yarudi kwake, asiwe anayatazama.

Alikuwa anakunja la mwisho, lile jeupe la mikono mirefu, kidole chake kilipopita juu ya kifungo cha mkono wa kushoto. Kilikuwa na mikwaruzo. Akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ukingo umetafunwa, na uzi umelegea kama uliovutwa ukavutwa.

Meno. Mtu alikuwa anafunga kifungo kwa meno.

Akachukua la pili. Hivyohivyo. Mkono wa kushoto tu, wa kulia vifungo vizima.

Fundi akakaa. Kifungo cha mkono wa kushoto hufungwa na mkono wa kulia. Hilo hata mtoto analijua, halihitaji mshonaji. Ila mshonaji ndiye aliyepewa yale mashati mengine, yale ya miezi ya karibuni, na agizo la ajabu: "Shona mbele yote moja kwa moja, vifungo vibaki pambo, niwe navaa kwa kichwani." Alimcheka siku ile. Alimwambia wewe mvivu sana, yaani hata vifungo. Na Kocha naye akacheka. Suruali ya harusi kaomba iwe ya mpira kiunoni. Salamu anatoa kwa mkono wa kushoto, anasema wa kulia una jasho. Na mkanda: "Dereva, mfunge mwenzako mkanda."

— Hodi humu.

Alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa Kocha, muuguzi, bado amevaa sare za kazini. Alisimama mlangoni kama mtu aliyetumwa asichokitaka.

— Karibu, wifi.

— Nimekuja kuchukua nguo zake. Amenituma.

— Kaa.

— Sikai, wifi yangu, nina zamu.

— Mkono wake una nini?

Wifi alishika fremu ya mlango.

— Mkono wa nani?

— Wifi, usinifanyie. Watu walishanifanyia hivyo wakati mmoja, mtaa mzima unajua isipokuwa mimi. Na wewe unataka kuwa mmoja wao?

Wauguzi ni watu wa kukaza uso, wanafundishwa. Huyu alikaza, akakaza, mwishowe akaketi juu ya furushi la vitambaa akajifunika uso kwa kitambulisho chake cha kazini.

— Aliniapisha.

— Sema.

— Ilianza kidole gumba. Tukadhani ni mazoezi. Nyama ya hapa, kwenye gumba, ikabonyea. Nikampeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, tena nilimpeleka mimi mwenyewe, sikujua naenda kusikia nini. Inakufa, wifi. Mishipa inayoendesha misuli. Imeanza mkono, itakuja mwingine, miguu, itafika kwenye ulimi, mpaka kupumua.

— Dawa?

— Za kuchelewesha kidogo. Za kuponya hakuna.

Fundi alikuwa bado ameshika lile shati. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kawaida kabisa, ya kuulizia bei.

— Kwa hiyo siku ile hakujiangusha.

— Alikuja nyumbani akakaa sakafuni kama mtoto. Anasema aliuambia mkono ujizuie, mkono haukuja. Halafu akasema, Mungu amenirahisishia. Fundi anadhani nimemdanganya. Acha adhani, ataniacha kwa hasira, hasira inapona. Akibaki kwa huruma atazeeka akinilisha.

— Amesema hivyo?

— Hivyo hivyo.

— Na wewe ukamwona ana akili.

— Wifi, mimi nawahudumia wagonjwa wa namna hiyo. Najua kinachokuja. Ungekuwa mdogo wangu wewe, ningekuambia kimbia.

Hilo nalo wifi alilisema kwa upendo, tumpe haki yake.

Kesho yake asubuhi, kabla wanafunzi hawajaanza kufika, Fundi aliingia ukumbini na koti lake la mazoezi. Kocha alikuwa anapiga deki mkeka, mpini wa fagio kaubana kwapani upande wa kulia, mkono wa kushoto ndio unafanya kazi.

— Dada yangu mdomo hauna breki, alisema bila kugeuka.

— Dada yako hakusema kitu mpaka nilipomwonyesha kifungo. Weka fagio, panda mkekani.

— Tumeshamalizana, Fundi.

— Mtihani wangu bado. Nina mkanda wa uongo, watu wananicheka. Panda.

Akapanda. Pengine kwa sababu kwa jambo la mkekani mtu yule hakuwahi kujua kukataa. Fundi akalala chali, akamfunga kiunoni, kufuli. Kwa karibu hivyo Kocha alikuwa amekonda, koti limemzidi mabega, na mshonaji wake hakuwa ameliona.

— Ule mkanda, akauliza Fundi, ni wangu?

— Si wako. Uliachia mkono. Ungekamata vizuri ningeanguka tu, na huu mkono wangu usingejulikana.

— Kwa hiyo nilifeli.

— Ulifeli.

Fundi akafumba macho. Tangu siku ile lilikuwa neno la kwanza tamu kulisikia.

— Na zile siku nyingine? Ulikuwa unaniachia?

— Sijawahi kukuachia hata siku moja. Zile ulizonipindua ulinipindua.

— Na ile ya huruma?

— Hiyo niliichagua makusudi. Nilijua ndiyo itakayokutoa.

— Ilinitoa.

— Sasa umerudi kufanya nini?

— Mtihani. Nakuangushia kushoto, kwenye mkono mzima. Usinipe.

Akafungua kufuli, ugoko tumboni, mguu kando ya goti, akakata na kumvuta. Kiganja cha kushoto cha Kocha kikashuka kikagonga mkeka, imara, mwili wote ukasimama juu yake. Fundi akabaki chali miguu hewani.

— Umefeli, alisema Kocha. Umekata kabla hujanivuta na kukamata mkono.

— Tena.

Akafeli tena. Mara hiyo alicheka, machozi yanamwingia masikioni. Akafunga kufuli, akamshika kola kwa mikono yote miwili.

— Sikiliza. Harusi iko palepale.

— Hapana.

— Mashati yako nayafumua yote. Nayarudishia vifungo, nitavifunga mimi.

— Na kijiko utashika wewe? Na choo? Fundi, sikiliza wewe sasa. Kuna siku sitaweza kuzungumza. Nitakuwa macho tu kitandani, nakusikia, siwezi hata kukuambia sogea. Dada amewaona watu hao. Mimi sitaki uwe hapo.

— Unataka mimi nisiwepo, au unataka nisikuone?

Kocha alinyanyua mkono wa kushoto akampiga Fundi begani, kofi mbili nyepesi.

Hapa nieleze kitu kimoja tu, halafu nimalize. Mkekani kuna sheria moja ambayo haina mjadala. Mwenzako akikupiga mara mbili, popote, begani au mkekani, maana yake basi, imetosha. Unaachia. Hapohapo. Huulizi kwa nini, huongezi hata pumzi moja. Asiyeachia hufukuzwa, na Kocha alishafukuza watu. Ni kitu cha kwanza alichomfundisha Fundi, kabla ya kufuli, kabla ya mkasi.

Fundi alimtazama.

— Kocha, usinifanyie hivyo.

Akampiga tena. Mara mbili.

Fundi akafungua miguu. Visigino vikateremka mkekani, mmoja huku, mwingine kule. Vidole vikaachia kola. Akalaza mikono kando kama mtu aliyepekuliwa mifuko, hana tena cha kumshikia.

— Nimeachia, akasema. Nenda.

Nje watu walianza kufika, sauti ya Dereva ikasikika ikimtania mtu kuhusu viatu. Kocha alibaki amepiga magoti pale katikati ya miguu iliyofunguka. Hakuna kilichomzuia. Mlango ulikuwa wazi, ndoo iko palepale koridoni, mkanda wa bluu bado uko juu yake.

— Mbona huendi?

Mabega ya Kocha yalianza kumtikisika. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya tumbo la Fundi, kidole gumba kimejikunja ndani, na aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

— Siku nitakaposhindwa hata kukupiga hizo mbili, alisema, utajuaje?

— Nitakuuliza.

— Na nisipoweza kujibu?

Fundi alifikiri. Angeweza kumwambia neno zuri la kumtuliza, na lilikuwepo.

— Sijui, akasema. Sijui, Kocha.

Kocha akainamisha kichwa polepole mpaka paji la uso likamgusa Fundi kifuani. Wanafunzi walishaingia, wamesimama ukingoni mwa mkeka na mifuko yao, hakuna aliyecheka. Kisha Kocha akasema kitu kwa sauti ndogo ambacho Fundi peke yake alikisikia.

— Funga tena.

Akafunga.